Mama Tambara

Mpira ukitoka, refa hupuliza.
Sakafu ikilowa, hupuliza pia,
lakini filimbi hiyo ni yangu.
Kidole chake chaelekea chini,
na wasichana kumi wa mataifa mawili
husimama, mikono viunoni,
wanisubiri mimi,
mtu wa miaka hamsini na mitatu,
leso kiunoni, tambara mkononi,
goti moja zima na moja la kubembeleza.

Nimepiga magoti mbele ya Kairo.
Nimepiga magoti mbele ya Maputo na Antananarivo.
Siku sita, mechi kumi na nne,
nami nawajua kwa jasho kuliko kwa jezi.
Yule senta wa Luanda hutona kidevuni,
tone kwa tone, pahali pamoja,
pale pale kwenye mstari wa mtupo huru.
Wa Kairo hujipangusa kwa soksi za mikononi.
Wa Antananarivo, wafupi, wepesi,
huacha manyunyu uwanja mzima,
hata hujui ufuate lipi.

Ukumbi huu wa Makande, mwezi wa tatu!
Mabati yanapika.
Feni nne: mbili zazunguka,
moja imekufa, moja yapiga kelele tu.
Vijana wa Majengo wamekuja na ngoma,
kina mama wa Kisauni na mifuko ya mabuyu,
midomo myekundu, wamtukana refa kwa adabu:
"Baba, Mungu akupe macho.
Akupe na miwani."

Namba saba wetu ni Umazi, wa Jomvu.
Nilimwona angali mdogo,
akidundisha mpira usio na upepo
nyuma ya ghala la chumvi.
Mpira hauinuki, yeye auinua.
Ni yeye aliyeniita Mama Tambara,
na jina likanasa
hata kwa wasiojua Kiswahili.
"Mamá Tambara!" wa Maputo huniita,
huku wakinyanyua miguu nipite.

Fainali.
Luanda sitini na moja, sisi sitini.
Sekunde kumi na moja.
Umazi kaupora mpira katikati,
yu peke yake, mbele hakuna mtu,
ukumbi mzima umesimama, ngoma zimesahau kulia,
hatua moja, ya pili,
na raba ikamkimbia.

Mpira ulikwenda ukasimama chini ya meza ya waamuzi,
taratibu, kama paka.

Sasa nisikizeni, maana sijamwambia mtu.
Niliiona ile alama ya maji.
Kabla. Ndogo, mfano wa shilingi kumi.
Nilimtazama refa, refa hakunitazama.
Goti liliniuma.
Nikasema: itakauka.
Mombasa hii, ambako nguo zashinda kambani
na jioni waziondoa mbichi,
mimi nikasema itakauka.

Wageni walivishwa medali, wakacheza ngoma yao,
wakanikumbatia na kunilowesha.
Nikatabasamu kwa picha.
Usiku sikulala.

Asubuhi akaja, kifundo kimefungwa bendeji,
kiatu kimoja, kandambili moja.
"Mama Tambara, nionyeshe ni wapi."
Nikamwonyesha. Akachutama kwa taabu,
akaweka kiganja pale pakavu,
akapima kwa macho umbali wa benchi.
"Ni hapa niliposimama kocha alipotuita,
nilikuwa natona kama bomba bovu.
Lilikuwa jasho langu mwenyewe, mama."

Nikajibu, sauti haitaki kutoka:
"Jasho lilikuwa lako.
Tambara lilikuwa langu.
Na nililiona."

Akanyamaza.
Nje, bandarini, winchi ilikuwa ikishusha kontena,
chuma kikagonga chuma.
Akanitazama kitambo, sijui alitazama nini.
Hakusema si neno. Hakusema nimekusamehe.
Alishika ndoo upande mmoja,
nami nikashika upande wa pili,
yeye achechemea mguu wa kulia, mimi wa kushoto,
tukaenda tukayamwaga mtaroni
maji ya siku sita,
yalikuwa meusi, na povu kidogo.